Kanda ya Boston: Sonny Rollins siku nne baada ya Septemba 11

Wapenzi wa jazi wana ugomvi wao usiokwisha kuhusu Sonny Rollins. Kundi moja linashikilia kwamba mpulizaji huyu wa saksafoni ya tenori alimaliza kusema aliyokuwa nayo kati ya mwaka 1956 na 1958, kabla hajafikisha hata miaka 28, na kwamba yaliyofuata kwa zaidi ya nusu karne ni makombo. Kundi la pili, hasa wale waliobahatika kumwona kwa macho yao, huwaambia wenzao: huyo mnayemjua ninyi ni wa santuri. Rollins mwenyewe alikuwa jukwaani, dakika ya kumi na tano ya wimbo uleule, jasho likimtiririka, bendi nzima ikimtazama ijue anaelekea wapi.

Mimi niko na hawa wa pili, ingawa sikuwahi kumwona na nafasi yenyewe imeshapita. Alipiga onyesho lake la mwisho mwaka 2012, na ugonjwa wa mapafu ukamlazimisha kuiweka saksafoni chini moja kwa moja mwaka 2014. Ushahidi wangu ni rekodi moja tu. Ilinaswa kwa kificho na shabiki aliyekaa ukumbini kama watazamaji wengine, mjini Boston, Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2001. Rollins alikuwa ametimiza miaka 71 wiki moja iliyopita. Siku nne kabla ya hapo majengo pacha ya World Trade Center yalikuwa yameanguka, mitaa sita tu kutoka alipokuwa akilala.

Rekodi hiyo ilitoka rasmi mwaka 2005 kwa jina Without a Song: The 9/11 Concert. Hilo jina la pili lina harufu ya duka, na ningeulizwa mimi ningelifuta. Lakini sikuulizwa, na kilichomo ndani kinaweza kubeba jina lolote.

Rollins na mkewe Lucille walikuwa na shamba Germantown, kando ya mto Hudson, kilomita 160 hivi kaskazini mwa jiji la New York. Hata hivyo hakuwa amekata mguu mjini: alibaki na makazi Manhattan, mtaa wa Greenwich, zaidi ya ghorofa thelathini juu, mahali pa kufanyia mazoezi na kulala akiwa na shughuli. Asubuhi ile ya Jumanne alikuwa humo peke yake. Amesimulia mara nyingi kwamba alisikia ndege ikipita chini kuliko kawaida, kisha mshindo. Usiku huo alilala palepale, vumbi limetanda mtaa mzima, na kesho yake ndipo watu wa uokoaji wakawatoa wakazi. Alishuka ngazi zote zile kwa miguu, mzee wa miaka sabini na moja, na alichotoka nacho mkononi ni saksafoni.

Kuna jambo moja katika simulizi yake ambalo huwa linanirudia. Kabla hajatolewa humo, aliichukua saksafoni akaanza mazoezi, kama alivyozoea kila siku ya maisha yake. Mpulizaji hupiga kwa pumzi ya tumboni. Huvuta hewa mpaka chini kabisa. Alipoivuta aliihisi ile hewa chafu ikimshuka hadi tumboni, akajisikia vibaya, akaacha. Sasa hapo ndipo ninapomwelewa. Mtu mwingine angekuwa dirishani, au kwenye simu. Yeye alifanya kitu pekee alichojua kukifanya siku mbaya na siku njema.

Onyesho la Boston lilikuwa limeshapangwa kitambo, na alipofika Germantown alitaka lifutwe. Miguu ilimuuma kwa zile ngazi na kichwa hakikuwa sawa. Aliyekataa ni Lucille. Mama huyo ndiye aliyekuwa meneja wake, ndiye aliyejadiliana na mapromota na kusimamia rekodi, na kwa wanaomjua Rollins si siri kwamba neno lake lilikuwa neno. Alisema waende. Wakaenda.

Ukumbi wa Berklee Performance Center una viti kama 1,200, na ni mali ya chuo cha muziki, kwa hiyo lazima usiku ule kulikuwa na wanafunzi wengi waliojua wanamsikiliza nani. Bendi ilikuwa ile aliyokuwa anazunguka nayo siku hizo: Clifton Anderson, mpwa wake, kwenye tromboni, Stephen Scott kwenye piano, Bob Cranshaw kwenye besi, Perry Wilson kwenye dramu, na Kimati Dinizulu kwenye ngoma za mkono. Cranshaw alikuwa naye tangu mwaka 1959, kwa kuachana na kurudiana. Alihamia gitaa la besi baada ya kuumia mgongo, na wapenzi wa besi kubwa ya mti hawakuacha kulalamika, kana kwamba mgongo ulikuwa wao.

Wimbo wa kwanza ni huo uliobeba jina la albamu, wimbo wa mwaka 1929 uliotungwa na Vincent Youmans. Rollins anautaja kwa ukamilifu, kama mtu anayetaja jina lake mlangoni, kisha anaanza kuukata. Anachukua kipande cha noti tatu nne cha mwisho wa mstari, anakirudia, anakigeuza, anakishusha chini kwenye zile sauti nzito za tenori zinazofanana na mlango wa chuma unaosukumwa, anakipandisha tena. Hana haraka. Kwa wengi wa rika lake, miaka sabini ndiyo miaka ya kupiga noti chache na kuacha ukimya ufanye kazi. Yeye anazimwaga. Zaidi ya dakika kumi na sita kwa wimbo mmoja, na kila ukidhani ameishiwa, anatokea mlango wa pembeni.

Huo wimbo haukuwa mgeni kwake. Ndio uliofungua albamu yake ya mwaka 1962, The Bridge, alipokuwa anarudi kazini baada ya kujificha miaka miwili. Nitafika huko. Kwa sasa shika tu hili: mara mbili katika maisha yake alirudi mbele za watu kutoka mahali pagumu, na mara zote mbili aliingia kwa mlango uleule.

Katikati ya onyesho alizungumza kidogo. Aliwaambia watu kwamba muziki ni mojawapo ya mambo mazuri ya maisha na lazima tujaribu kuuweka hai kwa namna yoyote. Huenda ukasaidia, alisema, hana hakika, lakini siku hizi lazima mtu ajaribu kitu. Ni hayo tu. Hakuna hotuba, hakuna bendera. Nimesikia wanamuziki wengi wakizungumza baada ya misiba mikubwa, na wengi huujaza muziki ahadi usizoweza kuzitimiza. Yeye aliweka "huenda", akairudia saksafoni.

Kibao cha pili kwenye rekodi ni "Global Warming", kalipso aliyoitunga mwenyewe miaka michache kabla. Wazazi wake walitoka Visiwa vya Virgin, na miondoko ya Karibiani ilikuwa damuni, "St. Thomas", kibao chake kinachojulikana kuliko vyote, ni wimbo aliousikia kwa mama yake akiwa mtoto. Hapa ngoma za Dinizulu zinapata kazi, na kwa sikio la mtu wa pwani kama mimi hapa ndipo rekodi inapokuwa ya nyumbani: kiitikio kifupi, kinarudi na kurudi, na watu wanaruhusiwa kufurahi. Fikiria ukumbi uliojaa Wamarekani siku ya nne. Mtu anawapigia kalipso. Kuna waliohitaji zaburi, bila shaka, na kuna waliohitaji hii.

"A Nightingale Sang in Berkeley Square" unafuata, wimbo uliovuma London mwaka 1940, wakati wa vita. Kama aliuchagua kwa sababu hiyo au ulikuwa tu kwenye orodha yake ya kawaida, sioni haja ya kuamua. Katika jiji lililokuwa likiangalia angani kwa wasiwasi, kila mtu aliuelewa kwa namna yake. Baadaye kinakuja "Why Was I Born?", na hicho ndicho kiini cha kanda nzima. Ni wimbo wa mapenzi wa Jerome Kern na Oscar Hammerstein, tena wa mwaka 1929, na swali la kwenye jina lake ni la mtu aliyependa asikopendwa. Rollins analiuliza kwa hasira, halafu kwa mzaha, halafu kama mtoto, halafu kwa sauti ya mtu ambaye ameshapata jibu ila anataka kukusikia wewe. Upulizaji huo ulimpatia tuzo ya Grammy mwaka 2006. Tuzo hizo sizitegemei sana kama kipimo, lakini safari ile waliopiga kura walisikiliza.

Kasoro zipo. Besi imejaa kuliko inavyostahili, tromboni inapewa nafasi ndefu ambazo mimi ningezigawa nusu, na piano mara nyingine inajaza pale ambapo ukimya ungefaa zaidi. Wanaolaumu kwamba Rollins hakujizungushia watu wa kimo chake katika miaka yake ya uzeeni hawasemi uongo. Ila najiuliza kama alihitaji watu wa kimo chake. Alihitaji sakafu isiyotikisika ili yeye aruke juu yake, na Cranshaw alimpa sakafu hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Sasa twende nyuma, maana kanda hii haieleweki bila kujua mtu huyu alikuwa na mkasa gani na kazi yake mwenyewe.

Alizaliwa Harlem tarehe 7 Septemba 1930, Walter Theodore Rollins, akakulia mtaa wa Sugar Hill ambako mabingwa walikuwa majirani. Coleman Hawkins, baba wa tenori zote, aliishi karibu, na kijana Rollins alimvizia mlangoni kwake na picha mkononi ili aisaini. Rafiki zake wa mtaani ni watu kama Jackie McLean, Kenny Drew na Art Taylor. Ukitaka kujua jinsi kitongoji kimoja kinavyozaa muziki, chunguza hao vijana. Kabla hajatimiza miaka ishirini alisharekodi na mpiga piano Bud Powell. Mpiga tarumbeta Miles Davis akamchukua.

Heroini ikamchukua pia. Mwaka 1950 alikamatwa kwa wizi wa kutumia silaha akafungwa gereza la Rikers Island miezi kumi. Akatoka, akarudi tena ndani kwa kuvunja masharti. Mwaka 1955 alijipeleka hospitali ya serikali ya Lexington, Kentucky, walikotibiwa waraibu, akatoka safi, akaenda Chicago akafanya kazi za mikono kwa sababu aliogopa klabu za usiku, kwa kuwa ndiko waliko wauzaji. Mwishoni mwa mwaka huo alijiunga na bendi ya Clifford Brown na Max Roach. Brown alikuwa mpiga tarumbeta asiyegusa dawa wala pombe, na kwa Rollins ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba mtu anaweza kuwa msafi na bado akapiga kama moto. Tarehe 26 Juni 1956 Brown alikufa katika ajali ya gari. Siku nne kabla, Rollins alikuwa amerekodi Saxophone Colossus, albamu ambayo wale wa kundi la kwanza huiapia.

Na wana haki ya kuiapia. "Blue 7", kibao cha mwisho humo, kilimfanya Gunther Schuller, mtunzi na mchambuzi wa muziki, aandike mwaka 1958 uchambuzi maarufu kuonyesha jinsi Rollins alivyojenga ubunifu mzima wa papo kwa papo kutoka kwenye kijisehemu kimoja cha sauti, kama mtunzi aliyekaa mezani na karatasi. Ilikuwa sifa kubwa. Matokeo yake ni kwamba Rollins aliisoma akaanza kujishtukia. Alijaribu kufanya kwa makusudi kile ambacho kilikuwa kinamjia chenyewe, ikamtia kigugumizi. Baadaye alisema aliamua kutosoma tena wanachoandika kumhusu. Kwa hiyo sisi tunaoandika tujue tulipo.

Mwaka uliofuata Saxophone Colossus ndio aliofanya jambo ambalo kwangu ni ufunguo wa yote. Tarehe 3 Novemba 1957 aliingia Village Vanguard, klabu iliyoko chini ya ardhi huko Manhattan, akapiga bila piano kabisa: saksafoni, besi, dramu, basi. Piano humwambia mpulizaji sasa tuko hapa, sasa tunaenda pale. Akiondoka mpiga piano, mpulizaji anabaki na njia mia moja na lawama zote ni zake. Mchana alikuwa na Donald Bailey na Pete La Roca. Jioni Wilbur Ware na Elvin Jones. Ilikuwa rekodi ya kwanza ya moja kwa moja kutoka klabu hiyo ambayo baadaye kila mtu alitaka kurekodia. Sikiliza unavyosikia watu wamekaa mezani karibu na Rollins hana wa kumlinda. Kisha mwaka 1958 akatoa Freedom Suite, yenye utungo wa karibu dakika ishirini na maneno machache kwenye jalada kuhusu jinsi Mmarekani mweusi anavyoonewa ilhali utamaduni wa nchi umetoka kwake. Kampuni baadaye iliibadili jina na kuuza muziki uleule bila jina hilo la kuudhi.

Alikuwa kileleni. Mwaka 1959 akaacha.

Hakuugua wala kufungwa. Aliona tu kwamba sifa zimempita uwezo. Alikuwa anaishi Lower East Side, na jirani yake alikuwa mama mjamzito, sasa saksafoni ya tenori kwenye ukuta mwembamba si jambo la kiungwana. Siku moja akitembea akaona ngazi za daraja la Williamsburg, akapanda. Juu hakukuwa na mtu. Treni zinapita, magari yanapita, meli zinapiga honi chini kwenye East River, na mtu anaweza kupuliza kwa nguvu zake zote bila kumkera yeyote. Alirudi huko kwa miaka miwili, majira yote, mara nyingine saa kumi na nne au kumi na tano kwa siku. Fikiria kidogo upande wa mwili: midomo, vidole wakati wa baridi ya New York, ule utete mwembamba mdomoni unaolowa na kukauka. Fikiria pia kwamba sauti haina ukuta wa kurudi. Kupiga mahali pasipo na mwangwi ndiko kulikompa ile sauti pana ya baadaye, naamini hivyo, kwa sababu huko juu usipojijaza mwenyewe hakuna kinachokusaidia.

Mwaka 1961 jarida moja lilifichua siri, na mwishoni mwa mwaka huo akarudi klabuni. Rekodi ya kurudi ndiyo hiyo The Bridge, na Jim Hall kwenye gitaa. Wakosoaji walitarajia mapinduzi, wakapata nyimbo nzuri zilizopigwa vizuri, wakanung'unika.

Mambo ya kati nitayapitisha mbio. Alirekodi na mzee Hawkins mwaka 1963, mwanafunzi akimchokoza mwalimu. Alimwoa Lucille mwaka 1965. Alikwenda India, akakaa kwenye nyumba ya kutafakari karibu na Bombay, akaacha muziki mara ya pili mwishoni mwa miaka ya sitini. Aliporudi mwaka 1972 kwa kampuni ya Milestone, ndipo ugomvi niliouanza nao ulipozaliwa hasa. Albamu za studio za miaka ya sabini na themanini zina piano za umeme, midundo ya fanki, na Rollins akisikika kama mtu aliyevaa suti ya mwenzake. Mwaka 1981 alipuliza katika albamu ya bendi ya roki ya Rolling Stones bila jina lake kuandikwa kwenye jalada, na nina hakika ndiyo saksafoni yake iliyosikika na watu wengi zaidi duniani, wengi wao hadi leo hawajui ni nani.

Studio ilimtesa. Taa nyekundu ikiwaka alianza kuhesabu makosa, na hakupenda kabisa kujisikiliza; wenzake wanasema kupitisha rekodi ilikuwa adhabu kwake. Jukwaani alikuwa kiumbe mwingine. Alifunga kipaza sauti kidogo kisicho na waya kwenye mdomo wa saksafoni, akawa huru kutembea: anawageukia wapiga ngoma, anashuka kwa watu, anaelekeza saksafoni darini. Mwaka 1986, katika bustani ya mawe ya Opus 40 jimboni New York, kamera zikiwa zinamrekodi, aliruka kutoka jukwaani akavunjika mfupa wa kisigino. Akalala chali. Akaendelea kupiga akiwa chali, na waliokuwepo wakadhani ni sehemu ya onyesho.

Mtu wa dansi hatashangaa na habari hizi. Sisi Dar tumekuwa na bendi zinazojiita Jazz, kuanzia NUTA Jazz mpaka Vijana Jazz, ingawa muziki wenyewe ulikuwa dansi na si wa Harlem. Lakini jambo moja tunalijua kwa uzoefu: wimbo unaousikia redioni na wimbo huohuo ukumbini ni vitu viwili. Redioni una dakika zake chache, beti zimekaa, chemko, ile sehemu ya mwisho wimbo unapochangamka, linaanza tu mara umekwisha. Nenda ukumbini. Nimesimama karibu na jukwaa usiku wa manane, chemko limeshapita pale linapokatwa redioni, mpuliza saksafoni kafumba macho na leso begani imelowa, akikirudia kipande kilekile na kila mara akikiongeza chembe, na watu wamesogea mbele kumtunza noti za pesa kwenye paji la uso ili asithubutu kuacha. Kipande hicho hakipo kwenye kanda yoyote. Siku bendi ile ilipovunjika kiliondoka nayo.

Ndiyo maana yule shabiki wa Boston namwombea heri, ingawa alichokifanya kilikuwa kosa. Alikuwa mkusanyaji wa rekodi za Rollins za jukwaani. Kwa miaka alitafuta kanda zilizokuwa mikononi mwa watu Ulaya na Marekani, na mwenyewe akaingia ukumbini na kifaa. Wanamuziki wana sababu ya kuchukia kanda za wizi. Wengi wameibiwa usiku kucha na kisha wakaona santuri dukani zenye majina yao zisizowaletea hata senti. Rollins naye alikuwa na mashaka. Huyu lakini hakwenda kuuza. Alimtafuta mwenye mali na kumwambia nimekuwekea hii. Na Rollins, ambaye ilimlazimu miaka mingi kukwepa kujisikiliza, akasikiliza, akakubali itoke.

Lucille aliaga dunia Novemba 2004, miezi michache kabla albamu haijatoka. Kwa hiyo aliyesema "twende" hakuiona ikiwa mkononi.

Milango iliyofunguliwa na kanda hiyo haikufungwa tena. Rollins alianzisha kampuni yake mwenyewe, Doxy, na kuanzia mwaka 2008 akatoa mfululizo wa Road Shows, vipande vilivyochaguliwa kutoka maonyesho ya miaka na nchi mbalimbali, vingine vikitoka kwenye hazina ya mkusanyaji huyohuyo. Kundi la kwanza la ugomvi wetu lilianza kupunguza sauti. Katika sehemu ya pili kuna sherehe ya kutimiza miaka 80 mwaka 2010, Beacon Theatre, New York, ambako mpiga saksafoni Ornette Coleman alitokea bila kutangazwa. Mara ya kwanza wazee hawa wawili kusikika pamoja mbele ya hadhira. Mwaka 2017 kumbukumbu zake, barua, karatasi za mazoezi na kanda, zilinunuliwa na Schomburg, kituo cha utafiti wa utamaduni wa watu weusi kilichoko Harlem, mwendo mfupi kutoka mtaa alikozaliwa.

Na sehemu ya nne ya Road Shows, ya mwaka 2016, ina zawadi kwa aliyeipenda kanda ya Boston: mwisho wa onyesho lile, ambao haukuingia kwenye albamu ya 2005. Unaanza na "Sweet Leilani", anaingia peke yake bila bendi, anatangatanga kwenye nyimbo za kila aina, halafu anatumbukia "Don't Stop the Carnival", kalipso yake ya kufungia usiku. Kama una dakika ishirini tu leo, sikiliza "Why Was I Born?". Kama una jioni nzima, anza na Vanguard ya 1957, ruka moja kwa moja hadi Boston, kisha malizia na hiyo karamu ya kalipso. Santuri za katikati zitakusubiri. Mimi mwenyewe nyingine bado sijazimaliza.